Goma: masafa ya redio, njia za wifi

Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma. Tarehe 25 Februari mwaka huohuo, Radio Okapi ikaanza kutangaza nchini. Kila redio hupewa masafa yake, ili sauti zisigongane.

Wifi haina mgawaji. Marekani iliruhusu mawimbi hayo bila leseni mwaka 1985. Kanuni ya kwanza ya mitambo ikatoka 1997. Kwenye gigahezi 2.4 njia ni nyingi, lakini 1, 6 na 11 ndizo hutumika pamoja bila kuingiliana. Majirani wakijazana njia moja, mitambo inasubiriana, na ujumbe wa mkimbizi wa vita kwa jamaa yake unachelewa. Majirani watatu wagawane hizo tatu. Wa nne achukue ya aliye mbali zaidi.