Kuingia Chuo na Krediti Mfukoni

Ukitaka kujua kwa nini digrii ya Marekani huhesabiwa kwa krediti, anza na pensheni. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wakistaafu wasizeeke katika umaskini. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameingia katika baraza la Chuo Kikuu cha Cornell, akashtuka kuona wanavyolipwa kidogo. Fedha zikapatikana. Tatizo likawa nani apewe, maana Marekani ya siku zile karibu shule yoyote iliweza kujiita chuo. Wadhamini wa mfuko, wakiongozwa na Charles Eliot wa Harvard, wakaweka sharti: chuo kitakachotambuliwa ni kile kinachodai mwanafunzi awe na uniti 14 za sekondari. Uniti moja ni somo moja lililosomwa mwaka mzima, takriban saa 120 darasani.

Hakuna profesa aliyekuwa tayari kukosa pensheni, kwa hiyo shule na vyuo vilijipanga upesi. Muda si muda vyuo vyenyewe navyo vikawa vinahesabu masomo yao kwa saa, na saa zikageuka krediti. Uamuzi uliokusudiwa kutunza wazee ukawa ndio rula ya elimu ya nchi nzima. Ila rula hiyo ilipima muda ambao mwanafunzi amekaa kitini. Kilichoingia kichwani haikukigusa. Tangu hapo wamekuwapo watu wanaosema: mimi hili nalijua tayari, nipimeni. Ugomvi umekuwa juu ya nani apime, na nani akubali kipimo.

Wa kwanza kubisha hodi kwa wingi walikuwa askari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyuo vingi viliwagawia krediti vijana waliorudi, kama zawadi ya kupigana, bila kuwauliza swali. Vita vya Pili vilipokuja, wakuu wa elimu hawakutaka kurudia mchezo huo. Mwaka 1942 jeshi lilianzisha taasisi yake ya elimu mjini Madison, Wisconsin, iliyowapelekea askari masomo kwa posta, na ikatungwa mitihani ya kupima walichojifunza. Ndipo ulipozaliwa pia mtihani wa GED, unaotumika hadi leo na asiyemaliza sekondari. Mwaka 1967 wazo hilo likafika kwa raia wa kawaida kupitia mpango wa CLEP: mama aliyelea watoto miaka 15 huku akisoma vitabu vya historia, au fundi aliyejifunza hesabu kazini, aliweza kufanya mtihani wa saa moja na nusu na kufuta somo zima la mwaka wa kwanza. CLEP haijawahi kuwa na sifa kubwa, na sidhani kama kuna filamu iliyotengenezwa juu yake. Lakini kwa mtu mzima anayehesabu senti, bado ni njia mojawapo rahisi kabisa ya kupunguza ada.

Sifa zilikwenda kwa ndugu yake, Advanced Placement, au AP, na huyu alizaliwa katika nyumba tofauti kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vita vya Korea vilikuwa vinaendelea na wazazi walihofia watoto wao kuitwa jeshini kabla hawajapata elimu ya maana. Mfuko wa elimu uliotokana na Ford Foundation ukagharamia majaribio kadhaa. Katika jaribio mojawapo, vyuo vikuu vya Chicago, Columbia, Wisconsin na Yale vilichukua vijana wa miaka 16 hivi kabla hawajamaliza sekondari. Wakuu wa shule hawakufurahia kunyang'anywa vipanga wao. Jaribio jingine lilikutanisha shule tatu za bweni za matajiri, yaani Andover, Exeter na Lawrenceville, na vyuo vitatu walikokwenda wahitimu wake: Harvard, Princeton na Yale. Kamati iliyoongozwa na Alan Blackmer, mwalimu wa Andover, ilichambua rekodi za wanafunzi 344 waliopitia njia hiyo. Ripoti yake ya 1952 ilionyesha vijana waliokuwa wakirudishwa nyuma: mwaka wao wa kwanza chuoni walikuwa wanafundishwa tena mambo waliyokwisha kuyasoma.

Wakati huohuo, huko Ohio, Gordon Chalmers, mkuu wa chuo kidogo cha Kenyon, alikuwa amevikusanya vyuo 12, vikiwamo Oberlin, Swarthmore, Williams na MIT. Pendekezo lake lilikuwa kwamba kijana asitolewe nyumbani mapema. Abaki shuleni kwao, asome kwa kina cha chuo, kisha apimwe. Akifaulu, chuo kimtambue. Mitihani ya majaribio ilifanyika 1954. Mwaka uliofuata bodi ya mitihani ya College Board, iliyokuwa ikiendesha mitihani ya kuingia vyuoni tangu 1901, ikaupokea mpango. Mei 1956 watahiniwa 1,229 kutoka shule 104 waliketi na kujibu karatasi 2,199.

Msomaji aliyepita kidato cha tano na cha sita ataona hapa sura anayoifahamu. Mfumo wa Uingereza, ambao Afrika Mashariki iliurithi, uliweka kina hicho shuleni tangu zamani, ndiyo maana digrii nyingi za Uingereza humalizika kwa miaka mitatu na za Marekani kwa minne. Wamarekani walikuwa wanaingiza kidato cha sita kwa mlango wa nyuma, somo mojamoja. Hadi leo vyuo vingi vya Marekani huwapa krediti wanafunzi wenye A-level za Cambridge kama vinavyowapa wenye AP. Mkenya aliyesoma mfumo wa 8-4-4, ambaye nchi yake iliifuta A-level mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuwa na cheti hicho cha kuonyesha.

Kwa miaka 20 hivi AP ilibaki mali ya watoto waliokwisha kubahatika. Aliyeivuta hadi mitaa ya maskini, angalau mbele ya macho ya umma, ni mhamiaji kutoka Bolivia.

Jaime Escalante alikuwa amefundisha fizikia na hisabati La Paz kwa miaka mingi kabla ya kuhamia California katika miaka ya 1960. Huko vyeti vyake havikutambuliwa. Akafanya usafi katika mkahawa, akajifunza Kiingereza, akaanza digrii upya usiku baada ya kazi. Mwaka 1974 akapata nafasi Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, shule ya watoto wa wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Mexico. Filamu ya mwaka 1988, Stand and Deliver, inamwonyesha kana kwamba aliibadilisha shule kwa muhula mmoja au miwili. Ukweli ulikuwa wa polepole, na kwangu mimi una uzito zaidi. Darasa la kwanza la kalkulasi liliingia mtihani wa AP mwaka 1979 likiwa na wanafunzi watano tu. Yeye, mwenzake Ben Jimenez na mkuu wa shule Henry Gradillas walilazimika kujenga ngazi nzima chini ya darasa hilo, algebra hadi trigonometria, pamoja na masomo ya likizo.

Mwaka 1982 watahiniwa 18 walifanya mtihani, wote wakafaulu. ETS, taasisi ya New Jersey iliyosimamia mitihani hiyo, ikaona makosa yanayofanana katika majibu ya 14 kati yao na kuwashuku kuibia. Wakaambiwa warudie au matokeo yafutwe. Kumi na wawili wakarudia mwezi Agosti, baada ya likizo bila darasa, na wote wakafaulu tena. Kwa mwalimu ambaye mwenyewe aliwahi kuambiwa anachojua hakihesabiki, lile lilikuwa jambo zito. Kufikia 1987, zaidi ya robo ya Wamarekani wote wenye asili ya Mexico waliofaulu kalkulasi ya AP nchi nzima walitoka shule hiyo moja. Escalante aliondoka Garfield 1991, baada ya migongano na wenzake, na shule haikuufikia tena urefu ule.

Baada ya filamu hiyo, kila wilaya ya elimu ilitaka AP yake. Masomo yamefika karibu 40 na watahiniwa wa mwaka mmoja wanapita milioni 2, kila karatasi ikigharimu karibu dola 100. Kila Juni maelfu ya walimu wa sekondari na wahadhiri husahihisha insha pamoja, na alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5. Hapo ndipo inapoonekana kwamba krediti ni kama hundi: thamani yake huamuliwa na anayeipokea. Chuo kimoja humpa mwenye 3 somo zima, kingine kinataka 5, kingine kinamruhusu tu kuruka darasa la utangulizi bila krediti yoyote.

Na wenye nyumba, yaani shule na vyuo vya matajiri, wakaanza kuhama. Mwaka 2013 Dartmouth ilitangaza kuacha kutoa krediti za AP. Idara yake ya saikolojia ilikuwa imewapa mtihani wake wa utangulizi wanafunzi zaidi ya 100 waliopata 5, na tisa kati ya kila kumi wakaanguka. Mwaka 2018 shule nane binafsi za Washington na viunga vyake, ikiwamo Sidwell Friends walikosoma mabinti wa Barack Obama, zilisema zitaachana na AP zifundishe kozi zao wenyewe. Huenda hoja zao za kitaaluma zilikuwa za kweli. Hata hivyo ni vigumu kutoona kwamba cheo kilipoteza utamu mara tu watoto wa Garfield walipokipata.

Majimbo yamekwenda upande wa pili. Illinois ilipitisha sheria 2015 inayolazimisha vyuo vyake vya umma kutoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea, profesa apende asipende. Wanasiasa wameingia hadi kwenye silabasi. Januari 2023 serikali ya Florida ilikataa somo jipya la AP la historia na maisha ya Wamarekani weusi lisifundishwe katika shule zake za umma. Silabasi ya somo hilo inaanzia Afrika, na ndani yake imo miji ya pwani ya Waswahili, biashara yake ya Bahari ya Hindi na kuvamiwa kwake na Wareno. Mwanafunzi wa Chicago, jimboni Illinois, anayejibu vizuri maswali ya somo hilo mwezi Mei anaweza kuingia chuo kikuu cha umma cha jimbo lake na krediti ambazo sheria inakilazimisha chuo kuzipokea. Mwenzake wa Miami, huko Florida, katika shule ya serikali, somo hilo hajapangiwa.