NAMBA 7: kazi yake ilivyobadilika, na inavyohusu kichwa cha mwanao (Sehemu ya 5)

Tunaendelea na mfululizo wetu wa Michezo na Mwili wa Mtoto. Leo tunatoka kidogo nje ya uwanja tuliouzoea, tunaenda kwenye raga.

Najua, Ifakara mpira ni wa miguu. Ukipita viwanjani jioni utaona soka na netiboli, raga huioni. Lakini mama mmoja ameniandikia: kijana wake anasoma bweni Arusha, ameanza raga, na kocha kamwambia atacheza namba 7. Anauliza, "Nesi, namba 7 ndiyo kazi gani, na itamuumiza?" Nikaona jibu lina faida kwa kila mzazi, hata yule ambaye mtoto wake hatagusa ule mpira wa umbo la yai. Maana historia ya namba 7 inaonyesha jinsi watu wazima walivyochelewa kujifunza kwamba kichwa cha mchezaji kina thamani kuliko mpira.

Kwanza tuelewane. Raga ya kawaida ina wachezaji 15 kila upande. Wanane wa mbele husukumana kwenye skramu, wameshikana mabega kama vijana wanaokwamua Fuso lililonasa kwenye tope la masika. Ubavuni mwa skramu kuna wawili wanaoitwa flanka. Mmoja, namba 6, hukaa upande wenye nafasi finyu. Mwenzake, namba 7, hukaa upande wa uwanja ulio wazi, na mpira ukitoka yeye ndiye wa kwanza kuchomoka.

Afrika Kusini wamegeuza: kwao kazi hii hufanywa na namba 6. Kwa hiyo ile jezi namba 6 aliyovaa Mzee Mandela kwenye fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 24 Juni 1995, jezi ya nahodha Francois Pienaar, ilikuwa ya kazi hii hii.

1. Aliyeitwa mdanganyifu

Mwaka 1905 New Zealand walikwenda Uingereza wakiongozwa na Dave Gallaher. Katika ziara nzima walipoteza mechi moja tu, dhidi ya Wales, 3–0. Wao waliweka watu saba tu kwenye skramu, na Gallaher akabaki nje. Aliingiza mpira kwenye skramu, halafu akasimama palepale akiwazuia wapinzani wasimfikie mwenzake anayeupokea. Magazeti ya Uingereza yakamwita mdanganyifu. Gallaher alikufa vitani mwaka 1917. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 sheria ikalazimisha watu watatu safu ya mbele ya skramu, na mtindo wao ukafa.

Shikeni hilo: kazi ya huyu mchezaji hubadilika sheria inapobadilika. Itarudi tena mbele.

2. Mwindaji

Wakati huo Afrika Kusini walikuwa wameanza kupanga skramu upya, flanka wakasogezwa ubavuni kabisa. Hapo ndipo namba 7 akawa mwindaji. Kazi yake ikawa moja: mpira ukitoka, mkimbilie namba 10 wa wapinzani, fundi wao wa pasi na mateke, umwangushe kabla hajafikiri.

Walifanikiwa mno hadi mchezo ukabanwa. Mwaka 1964 sheria zikarekebishwa, mabeki wakasogezwa mbali na flanka pale mpira unaporushwa kutoka nje. Mwindaji akakosa mawindo ya karibu, ikabidi atafute kazi nyingine.

3. Anayefika kila mahali

Kazi hiyo ikawa kukimbia. Kila mwenzake akiangushwa, namba 7 awe wa kwanza kufika, aupokee mpira, auendeleze. Bingwa wa kizazi hiki ni Michael Jones wa New Zealand, aliyetwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1987. Kuna jambo lake mtalipenda: kwa imani yake ya Kikristo hakucheza Jumapili. Nusu fainali ya 1987 ilikuwa Jumapili, akakaa nje. Fainali ilikuwa Jumamosi, akacheza, wakashinda.

4. Bweha

Mwaka 1995 raga ikawa kazi ya mshahara. Wachezaji wakanenepa misuli, ulinzi ukakazwa, na mpira ukawa unagombewa zaidi chini. Sheria inasema ukiangushwa lazima uuachie mpira. Mpinzani wa kwanza kufika, akiwa amesimama kwa miguu yake, anaruhusiwa kuushika kwa mikono. Usipouachia unaadhibiwa.

Basi namba 7 akawa bweha, na wenyewe wanaiita hivyo hivyo: yule mnyama anayenyemelea mzoga simba akiwa bado hapo. Neil Back wa England walimwona mfupi mno, wakamweka kando muda mrefu, lakini mwaka 2003 akiwa na miaka 34 alitwaa Kombe la Dunia. Richie McCaw aliongoza New Zealand kutwaa makombe mawili, 2011 na 2015. Lile la kwanza alilicheza akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika, jambo ambalo mimi kama nesi nakataza lisiigwe! David Pocock alikulia Zimbabwe kabla familia yake haijahamia Australia mwaka 2002. Katika robo fainali ya 2011 aliwanyang'anya Afrika Kusini mipira hadi Australia ikashinda 11–9. Leo ni seneta huko.

Sasa mtazame bweha kwa jicho la nesi. Ameinama, mikono iko kwenye mpira, kichwa kiko chini, kisogo na shingo viko wazi. Wanaokuja kumng'oa wana kilo mia na zaidi, nao wanakuja mbio. Walibuni hata namna ya kumkumbatia na kujibingirisha naye hadi uzito wote unaangukia mguu wake. Wameiita mbingirisho wa mamba. Sisi wa Mto Kilombero hatuhitaji kuelezwa mamba anafanya nini na alichokamata. Goti na kifundo vilikuwa vinakatika. Mwaka 2024 ikapigwa marufuku duniani kote.

5. Binti mwenye mguu kifundo

Namba 7 bora wa kike wa England alizaliwa London na mama Mnigeria aliyemlea peke yake. Anaitwa Maggie Alphonsi. Alizaliwa na mguu kifundo, akafanyiwa upasuaji akiwa mdogo. Akaja kucheza mechi 74 za timu ya taifa, na mwaka 2014 akatwaa Kombe la Dunia.

Mama uliyejifungua mtoto mwenye nyayo zilizopinda kwa ndani, nisome taratibu. Hukurogwa, wala hukumpinda kwa kulala vibaya. Mlete mapema, wiki za kwanza kabisa. Siku hizi tunaanza kwa kumfunga hogo na kulibadilisha kila wiki, mguu unanyooka kidogo kidogo. Wengi hufanyiwa upasuaji mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha mtoto anavaa viatu maalum akilala hadi miaka minne hivi. Usiviache njiani ukiona mguu umenyooka, maana hurudi.

6. Huku kwetu

Afrika Mashariki raga ilianza kama mchezo wa walowezi. Timu kubwa ya Uingereza na Ireland, Lions, ilicheza Nairobi na timu ya Afrika Mashariki mwaka 1955, na tena 1962. Leo sifa yetu iko kwenye raga ya wachezaji saba: tarehe 17 Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore, na mabinti wa Kenya wameshacheza Olimpiki. Raga hiyo ina watatu tu kwenye skramu, flanka hayupo. Kila mtu anakaba, anakimbia na kunyang'anya. Yaani kazi ya namba 7 imegawiwa wote, na hatari yake pia.

7. Kichwa

Miaka yote hiyo mtu akigongwa kichwa alipewa maji, akapigwa makofi mgongoni, akarudi uwanjani. Walimwita shujaa. Mwaka 2020 Michael Lipman, aliyekuwa namba 7 wa England, akiwa na miaka 40 tu, alieleza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule tunaouona kwa wazee. Wachezaji wengine wa zamani walisema hivyohivyo, wakaenda mahakamani.

Na si wakubwa tu. Mwaka 2011, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa katika mechi ya shule, akaendelea kucheza, akagongwa tena. Alifariki. Uchunguzi ulionyesha ubongo ulipata pigo jingine kabla haujapona la kwanza. Familia yake haikunyamaza, na Scotland ikatoa mwongozo mmoja kwa michezo yote: ukiwa na shaka, mtoe nje.

Sheria nazo zikageuka. Ufaransa mwaka 2019 iliwaamuru wachezaji wa ridhaa wakabe kuanzia kiunoni kushuka. England mwaka 2023 ikasema wa ridhaa wakabe chini ya kifua. Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, fainali ya Kombe la Dunia, Sam Cane, namba 7 na nahodha wa New Zealand, alimkaba mpinzani juu, akamgonga kichwani. Kadi nyekundu, ya kwanza katika fainali ya wanaume. Nahodha wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, mwenye jezi namba 6, naye alipewa ya njano kwa kumgonga mtu kichwa. Afrika Kusini wakashinda 12–11.

Kukaba ambako babu zao wangekushangilia kumeigharimu timu fainali. Flanka wa leo hawajazaliwa waoga. Watu walihesabu madhara, wakabadilisha sheria, na wachezaji wakafuata.

Sasa turudi Ifakara

Uwanja wetu hauna daktari pembeni. Mtoto huanguka kwenye mwembe, hugongana vichwa kwenye soka, hudondoka kwenye bodaboda. Sheria ya nyumbani iwe hii:

Akigongwa kichwa, akawa amezubaa, hakumbuki, anayumba au anaona kizunguzungu, siku hiyo mchezo umeisha. Hata kama anasema, "Mama, mimi mzima." Apumzike siku mbili, arudi kidogo kidogo. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21.

Mkimbize hospitali ukiona lolote kati ya haya: amepoteza fahamu, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, haamshiki vizuri, degedege, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu mmoja umelegea, damu au majimaji yanatoka puani au masikioni. Kwa mchanga: utosi umevimba, analia bila kunyamaza, anakataa ziwa. Kama uko Mngeta au Mlimba, usingoje asubuhi. Na kama shingo inauma au hawezi kusogeza miguu, usimpakie mshikaki kwenye bodaboda. Mlaze, shingo isitikisike, tafuta gari.

La mwisho ndilo kubwa kwa bonde letu. Mtoto akitapika na kulegea, sote tunasema malaria. Kipimo kinaweza kuonyesha malaria kweli, na bado kinachomuua kikawa kichwa. Ukifika mapokezi, sema kwa mdomo wako: "Juzi alianguka, akagonga kichwa." Usisubiri kuulizwa. Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu tutakachofanya.

Mtumie na bibi anayelea wajukuu, mwalimu wa michezo na dereva wako wa bodaboda. Maswali yaacheni hapa chini. Sehemu ya 6: meno yaliyong'oka uwanjani, na kwa nini usiyatupe.