Bendera ya Vita Yaitwa Sokoni

Wiki hii tuzungumzie bendera. Si bendera ya taifa, bali bendera yenye herufi moja tu, E, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya ubora. Huko Marekani, kampuni inayofanya vizuri katika kuuza bidhaa nchi za nje hutunukiwa bendera hiyo kwa jina la Rais.

Asili yake ni manowari. Mwaka 1906 jeshi la majini lilianza kuzipa alama ya E meli zilizoshinda kwa shabaha ya mizinga. Vilipokuja Vita Kuu vya Pili alama hiyo ikateremka melini ikaingia viwandani. Mwaka 1942 majeshi ya nchi kavu na ya majini yaliungana kutoa bendera moja kwa viwanda vilivyotimiza kazi ya vita kwa wingi na kwa wakati. Viwanda 4,283 viliipata, kama asilimia tano tu ya vyote vilivyofanya kazi hiyo. Na haikuwa ya mkurugenzi peke yake. Wafanyakazi nao walivishwa beji kifuani, na nadhani hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Mwaka 1945 vita vilikwisha, bendera zikakunjwa.

Miaka 16 baadaye Rais John Kennedy akazikunjua. Kwa nini? Mwaka 1961 Marekani ilikuwa bado inauza nje kuliko ilivyonunua. Kilichomkosesha Rais usingizi ni dhahabu. Kwa mapatano ya Bretton Woods ya mwaka 1944, serikali ya kigeni iliyokuwa na dola iliweza kuzipeleka Washington ikapewa dhahabu, wakia moja kwa dola 35. Na dola zilikuwa zimetapakaa duniani: matumizi ya majeshi yaliyokuwa Ulaya na Asia, misaada, mitaji ya makampuni yaliyojenga viwanda ng'ambo. Akiba ya dhahabu, iliyokaribia thamani ya dola bilioni 23 mwishoni mwa 1957, ilikuwa chini ya bilioni 18 mwishoni mwa 1960.

Rais aliyemtangulia, Eisenhower, aliagiza familia za askari walioko ng'ambo zipunguzwe ili kubana matumizi. Kennedy akaifuta amri hiyo. Kushusha thamani ya dola nako hakutaka kusikia. Njia iliyobaki ilikuwa kuuza zaidi, na tarehe 5 Desemba 1961 akatia saini amri ya kuirudisha E, safari hii kwa wauzaji wa nje.

Tusimcheke. Mwenye kiwanda wa Ohio alikuwa na soko kubwa mlangoni pake. Ahangaike na karatasi za forodha, lugha asiyoijua na mteja asiyemjua, kwa faida gani? Bendera ilikuwa ya kumtia wivu jirani yake.

Lakini bendera humfikia aliyekwisha kuuza. Niliwahi kuketi ofisini kwa meneja wa kiwanda kimoja cha nguo, nyuma yake vyeti vya mauzo ya nje vimetundikwa ndani ya vioo, safi kabisa. Dirishani niliona mashine zimefunikwa turubai. Nilimwuliza habari za pamba, yeye akanieleza habari za vyeti.

Marekani nayo ilifika huko kwa namna yake. Mwaka 1965 de Gaulle wa Ufaransa aliisifu dhahabu hadharani, na Ufaransa ikazidi kubadilisha dola zake. Mwaka 1969 ikaongezwa nyota kwa kampuni zilizokwisha kupata E na kuendelea kufanya vizuri. Mwaka 1971 Marekani ikanunua bidhaa nyingi kuliko ilizouza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1893. Agosti 15 mwaka huohuo Rais Nixon alitangaza kwamba dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu.

Sababu iliyoizaa tuzo ikawa imekwisha. Tuzo yenyewe haikufutwa. Bado inatolewa, na anayeiomba hutakiwa kuonyesha mauzo ya nje yaliyokua miaka minne mfululizo. Nchi inayoitoa, kuanzia 1976, haijapata hata mwaka mmoja ambao mauzo yake ya nje yalizidi manunuzi.