Karafuu na Msitu: Funzo la Kisiwa cha Unguja

Insha hii yataka kuonyesha kwamba uchumi wa kisiwa hautengani na uhai wa ardhi yake. Mfano wetu ni Unguja ya karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan, alipoona faida ya karafuu, aliwahimiza wenye mashamba kuipanda kwa wingi. Misitu ya upande wa magharibi, penye udongo wa rutuba, ilifyekwa kwa jasho la watumwa. Hata mashamba ya vyakula yakageuzwa kuwa ya mikarafuu. Utajiri ulikuja upesi. Lakini wingi wa mazao ulishusha bei, na mchele ukazidi kuagizwa kutoka nje.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, nayo ikawa mzalishaji mkuu. Kweli, kimbunga hakikuletwa na mkulima. Hata hivyo, aliyeweka mali yake yote katika mti mmoja hakubakiwa na akiba.

Mabaki ya msitu wa kale twayaona Jozani, makao ya kima punju. Tangu 2004 msitu huo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na fungu la mapato ya watalii hupewa vijiji jirani, ambavyo mazao yao huliwa na kima. Ndiyo mizani tunayoitafuta. Faida ya karafuu haikuwafikia waliofyeka msitu. Faida ya hifadhi na iwafikie wanaoutunza.