Yule Manute Tuliyeonyeshwa

Kwenye ploti tuliyokulia Huruma kulikuwa na Manute. Si jina alilopewa na wazazi wake. Walikuwa wametoka Sudan Kusini, wakapanga orofa ya nne, upande unaoangalia Kiamaiko, ambako harufu ya mbuzi hupanda mpaka kwenye kamba za nguo. Kijana alikuwa mrefu hivi kwamba ngazi zetu za giza zilimlazimu kuinama kila kona. Fundi wa redio pale chini ndiye aliyembatiza. "Manute! Hewa huko juu iko aje leo?" Sisi watoto tukacheka, tukalidaka jina, na kuanzia siku hiyo hakuwa na lingine.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Manute Bol akicheza. Aliondoka NBA mwaka 1995, wengi wetu hatujazaliwa. Tulichokuwa tumeona ni muvi.

Ilikuwa kwenye kibanda cha video, mabati na benchi za mbao, mlango umezibwa kwa blanketi ili mwanga usiingie. Unalipa shilingi kumi, unakaa na jasho la wenzako. Ukibahatika kuna DJ anayetafsiri juu ya sauti, akiwapa wazungu majina ya kina Kamau na kina Otieno. Siku hiyo iliwekwa The Air Up There, filamu ya mwaka 1994. Kevin Bacon ni kocha msaidizi wa chuo kimoja Marekani, mambo yamemwendea mrama. Anaona picha za kijana Mwafrika mrefu akicheza karibu na misheni nchini Kenya, anapanda ndege kuja kumchukua. Kijana anaitwa Saleh, mwana wa chifu wa kabila la Wawinabi. Anayemwigiza ni Mkenya mwenzetu, Charles Gitonga Maina. Mwishowe mzungu anapitishwa kwenye mila za kijiji, anawafundisha kucheza, na ardhi ya kabila inaokolewa kwa mechi moja ya mpira wa kikapu.

Tulipiga makofi. Kumwona Mkenya kwenye skrini akimpita Kevin Bacon kwa kimo haikuwa jambo dogo. Wala hatukuuliza Wawinabi wanaishi kaunti gani. Hawaishi popote, kabila hilo lilibuniwa. Lakini tukitoka nje tulimtazama jirani yetu wa orofa ya nne kwa macho mapya. Tulijua hadithi yake itakavyoenda: siku moja mzungu atashuka Huruma, amwone, amchukue.

Muvi haisemi popote kwamba ni maisha ya Manute Bol, na sitaki kuisingizia. Ila yeyote aliyefuata NBA miaka ile alijua kulikuwa na kocha Mmarekani, Don Feeley, aliyekwenda Sudan mwaka 1982 na kumkuta huko Mdinka mwenye kimo cha futi 7 na inchi 7. Mfupa wa hadithi ni ule ule. Tofauti iko kwenye nyama.

Manute halisi hakuvumbuliwa porini. Alikuwa mwana wa wafugaji kutoka sehemu za Turalei, kweli, na alichunga ng'ombe. Lakini Feeley alipofika, Bol alikuwa ameshaacha soka kwa sababu ya urefu wake, ameshacheza mpira wa kikapu Wau, kisha Khartoum. Alikuwa mchezaji tayari. Mwaka 1983 klabu ya San Diego Clippers ilimteua, NBA ikakataa uteuzi huo, akapitia chuo cha Bridgeport, na mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua.

Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Ni wastani wa mitano kila mechi, mgeni ligini, mwili mwembamba kama mwanzi. Akaongoza ligi tena msimu wa 1988-89 akiwa Golden State. Alipomaliza, alikuwa amezuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599. Isome tena hiyo. Mtu aliyeishi NBA miaka kumi kwa kuzuia kuliko kufunga. Kocha yeyote wa baske pale mtaani atakwambia kuzuia si urefu tu, ni kusoma akili ya mwenzako na kuruka wakati wake. Lakini kamera haikupenda akili yake. Ilipenda kumsimamisha kando ya Muggsy Bogues, mwenzake wa Bullets msimu wa 1987-88, mwenye futi 5 na inchi 3, watazamaji wacheke. Ilipenda kisa cha simba aliyemuua kwa mkuki akiwa mchungaji. Mwenyewe alikisimulia kwa ucheshi, akiongeza kwamba simba alikuwa amelala. Hicho kipande cha kulala ndicho kilichokuwa kikiachwa.

Wakati huo nyumbani kulikuwa kunaungua. Vita vya pili vya Sudan vilianza 1983, mwaka ule ule wa Clippers, vikaendelea hadi mkataba wa amani uliotiwa saini hapa Nairobi, uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005. Inakadiriwa watu milioni 2 walikufa. Waliosalia walitawanyika. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa sababu ya watoto wa vita hivyo, na baadhi ya familia zilizopitia huko ndizo baadaye zilipanga vyumba Eastleigh, Kasarani na kwetu Huruma. Bol alitembelea kambi za wakimbizi na kumwaga mshahara wake huko. Hesabu inayotajwa ni dola milioni 3.5. Aliporudi Sudan miaka ya tisini, serikali ya Khartoum ilimpa nafasi ya uwaziri kwa sharti la kusilimu. Yeye Mkristo, akakataa, na kutoka nchini kukawa shida. Alifika Marekani tena mwaka 2002, amefilisika.

Sasa hapa ndipo skrini ilimkumbuka. Mei 2002 televisheni ya Fox ilimpandisha ulingoni kupigana ndondi na William Perry, mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani, mtu mnene sana. Mrefu dhidi ya mnene, watu wacheke. Bol alikubali kwa sharti kwamba namba ya simu ya shirika lake la kusaidia Wasudan ionyeshwe hewani. Alishinda, na pesa zikaenda huko huko. Mwaka huo huo akasaini na timu ya hoki ya barafu, na hajui kuteleza kwenye barafu. Mwaka uliofuata akavalishwa kama mpanda farasi wa mashindano. Wengi waliona mtu aliyeishiwa na aibu. Mimi nikiangalia zile klipu naona baba wa watu anayeuza kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani kuchekwa, na hela anaituma nyumbani.

Linganisha na Jerry West wa Lakers, yule ambaye umbo lake ndilo nembo ya NBA. Mwaka 2022 tamthilia ya HBO, Winning Time, ilimwonyesha kama mtu wa hasira na matusi. Mzee alitumia mawakili, akadai aombwe radhi. HBO haikurudi nyuma, lakini ulimwengu ulisikia upande wake, na alipofariki Juni 2024 wengi waliomwandikia tanzia walijua kwamba yule wa tamthilia siye. Wa kina Bol hawana tamthilia ya kulalamikia. Wana Saleh tu, kijana wa kabila lisilokuwepo. Utamshtaki nani kwa kusahauliwa?

Mnaweza kusema ni muvi tu, acha watoto wafurahi. Ningekubali, kama si kilichotokea kwa jirani yetu.

Akiwa kidato cha tatu alikuja jamaa mmoja, suti na briefkesi, akidai anatafuta vijana warefu wa kupeleka vyuo vya ng'ambo. Alitaka pesa za pasipoti, za daktari, za barua. Mathe wake aliuza friji na cherehani. Ploti nzima tulichanga, hata fundi wa redio, hata mathe wangu wa kuuza mandazi. Hakuna aliyeshuku, kwa sababu sote tulikuwa tumeiona hii hadithi. Hivi ndivyo inavyokwenda: mgeni anakuja, anakuona, anakuchukua. Jamaa alichukua pesa, hatukumwona tena. Manute wetu aliacha baske mwaka huo. Mipira tulimletea, hakushika.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na najua vile mtu hupunguzwa mpaka anabaki sentensi moja. "Ni yule aliacha chuo." Si uongo. Ila si mimi wote.

Manute Bol alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Virginia, figo zimekataa, akiwa na ugonjwa mbaya wa ngozi. Alikuwa ametoka Sudan ambako alikuwa akihangaikia ujenzi wa shule Turalei, na alikuwa amebaki huko kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Aliukosa kwa mwaka mmoja na siku chache.

Lakini miaka ya nyuma, huko Misri, alikuwa amewafundisha mpira watoto wa familia moja ya wakimbizi. Mmoja wao aliitwa Luol Deng. Deng alikua, akacheza NBA, kisha akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Tarehe 28 Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, timu yake iliingia uwanjani kucheza na Puerto Rico, na wimbo wa taifa ukapigwa. Ukapigwa wa Sudan. Ule wa Khartoum. Wachezaji walisimama, mikono kifuani, mpaka kosa likasahihishwa. Kisha wakashinda 90 kwa 79.

Jirani yetu sasa anaishi Juba. Usiku huo alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake mji mzima unapiga honi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alisema wimbo ulipokosewa alijua tu tutashinda, kwa sababu hao vijana walikuwa wamekasirika vizuri. Halafu akaniuliza, taratibu, kama bado kuna ringi pale tulipokuwa tukicheza.

Ringi ipo, imepinda kidogo. Nilimpigia picha asubuhi yake, nikamtumia. Na mara hii nilimwita kwa jina lake.