Mzulu wa Gerezani

Dar es Salaam hata salamu hazijaisha mtu ameshakuuliza: "Kwani kwenu wapi?" Ukimjibu "Kariakoo" anacheka. "Siyo hapo bwana, kwenu hasa!" Basi unataja Songea, Tanga au Bukoba, naye anaridhika. Lakini wako watu wa mji huu ambao swali hilo limewasumbua tangu mababu zao, kwani kwao hasa kuko ng'ambo ya mpaka. Na tukichunguza vizuri tutaona kwamba hao ndio waliotufundisha kuitana ndugu.

Mwaka 1889 Wajerumani walimleta Hermann von Wissmann kuzima vita vya Abushiri katika pwani yetu. Askari wake wengi walikuwa Wasudani waliotoka Misri. Wengine walitoka Msumbiji, nao wakaitwa Wazulu. Mmoja wa hao wa Msumbiji alikuwa Sykes Mbuwane, kutoka upande wa Inhambane. Tusidanganyane, hawa hawakuja kutafuta kibarua. Walikuja na bunduki ya mkoloni, wakapigana na Abushiri, kisha na Wahehe wa Mkwawa. Mbuwane mwenyewe alikufa maji mtoni akirejea kutoka Uhehe.

Aliacha mtoto, Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Yatima huyo alilelewa na mkuu wa Wazulu, Effendi Plantan. Hebu mwangalie: baba Mzulu wa Msumbiji, jina la Kijerumani, dini Uislamu, lugha yake Kiswahili. Vita vya kwanza vya dunia alipigana upande wa Wajerumani. Waingereza waliposhinda, akaajiriwa katika reli yao. Kiwanja cha Kariakoo, walichokiweka kambi ya wapagazi wao wa vita, kikabaki na jina hilo la "Carrier Corps" lililotamkwa kwa ulimi wetu.

Mji huo ulikuwa na wenyewe. Wazaramo na Washomvi walikuwa na ardhi, makaburi na wazee wao. Mmanyema kutoka Kongo, Mnubi, Mzulu na Mnyasa wangesimama wapi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe bila shamba ni la nini?

Jibu la Kleist lilikuwa ni kujenga nyumba ambayo mlango wake hauulizi kabila. Mwaka 1929 yeye na wenzake walianzisha African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya, iliyosomesha watoto wa Kiislamu mjini. Ofisi ya African Association waliijenga kwa kujitolea New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba.

Watu husema umoja wetu umetoka kwenye Kiswahili, na ni kweli. Lakini tusisahau hitaji. Mwenye kabila lake karibu anaweza kulikimbilia siku ya shida. Mtoto wa mgeni hana pa kukimbilia, kwa hiyo hutafuta jina pana zaidi. Jina hilo lilikuwa "Mwafrika". Mgeni ndiye aliyelihitaji zaidi, na akatugawia sote.

Kleist alifariki mwaka 1949. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa wamekwisha rudi kutoka vita vya Burma, wakiwa na jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1953 chama kilifanya uchaguzi wa rais. Wagombea walikuwa Abdulwahid, mjukuu wa askari wa Msumbiji, na Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Butiama. Nyerere alishinda, Abdulwahid akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lile lile la New Street, TANU ilizaliwa. Kati ya waasisi 17, wawili walikuwa wana wa Kleist.

Mtaa wa Kipata, kule Gerezani, sasa unaitwa Kleist. Wapita njia wengi hudhani ni jina la Mzungu fulani!

Historia hii haituambii kwamba kila mgeni atazaa mwasisi wa chama. Wengi waliishi kimya, wakaoa na kuolewa, wakazikwa hapa. Inatuambia kwamba uenyeji hufanywa kwa mikono. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa hati za uraia wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, watu zaidi ya 150,000. Karatasi ni jambo kubwa, wala tusilidharau. Lakini Mbuwane hakuwa na karatasi, na mjukuu wake hakusubiri aambiwe karibu ndipo aipiganie nchi. Tukimwona Mkongo au Mrundi Kariakoo akihangaika na mzigo wake, tumuulize kwao wapi, hakuna ubaya. Ila tumuulize na la pili: anajenga nini hapa?