Mirathi: Tumwendee Nani, na Majibu ya Masuala Yanayoulizwa Sana



Ndugu yetu wa Mtambile ameuliza: baba yao amefariki na kuacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Ipo nyumba, shamba la mikarafuu na fedha benki. Kaka mkubwa anasema shamba ni la familia, lisigawiwe. Je, watafute wakili?

Kwanza, mirathi haingoji ruhusa ya kaka mkubwa. Haki ya kila mrithi inathibiti pale baba anapofariki. Warithi wote wakiwa watu wazima na wameridhia kwa dhati kuchelewesha mgao, hapana ubaya. Lakini kuchuma karafuu msimu baada ya msimu na kumpa dada fedha ya sabuni, huko ni kula haki yake. Na mtoto mdogo hawezi kusamehe fungu lake, wala hakuna wa kumsamehea.

Kabla ya kugawa, zitolewe gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia. Mahari ambayo mke hajalipwa ni deni, na wengi huisahau. Kinachobaki hugawiwa kwa Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Kwa swali hili, tukifanya mali mafungu 120: mke ana thumni, mafungu 15, mama wa marehemu ana sudusi, mafungu 20, yanabaki 85, kila mtoto wa kiume 34 na wa kike 17.

Orodha ya mali iandikwe mapema. Kwetu Pemba mtu huweza kumiliki mikarafuu iliyo juu ya ardhi ya mwenziwe, basi miti iandikwe mbali na ardhi mbali. Na zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yake ni ya Serikali. Ulizeni ofisi ya ardhi kabla ya kukata mipaka.

Sasa suala la wakili. Kama hapana ugomvi, huenda msimhitaji. Chukueni cheti cha kifo na barua ya sheha inayowataja warithi, kisha nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo Sheria Namba 2 ya 2007 imeikabidhi pia mirathi ya Waislamu; ina ofisi Chake Chake. Ikiwa kuna mvutano, mlango ni Mahakama ya Kadhi, na kwa mtu wa Mtambile ni ya Wilaya ya Mkoani. Benki haitoi fedha kwa maneno ya familia, inataka karatasi rasmi.

Wakili anafaa pale hati ya nyumba ina jina la mtu mwingine, au mali nyengine iko Bara. Muulizeni kama anaruhusiwa kusimama mbele ya mahakama za Zanzibar, kwani mawakili wa Bara wana orodha yao na wa Zanzibar yao. Ada iandikwe kabla ya kazi. Anayedai sehemu ya urithi badala ya ada inayojulikana, sisi tungemwacha. Asiye na uwezo aulize Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, tawi la Chake Chake, au msaidizi wa sheria wa karibu naye.

Tunaulizwa pia: baba ameandika nyumba yote apewe mtoto mmoja, inakuwaje? Wasia haumfai mrithi ila warithi wengine waridhie baada ya kifo, na kwa asiyekuwa mrithi hauzidi thuluthi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas kuwa hata hiyo thuluthi ni nyingi. Wanaohitaji wasia hasa ni wajukuu waliofiwa na baba: ami zao wakiwepo, wao hawarithi kwa babu. Babu aliye hai na awaandikie leo, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na nakala moja isikae ndani ya sanduku lake.

Wa Allaahu A'lam.